Wanaoripoti kidato cha tano bweni: tuzungumze maisha ya shule nje ya prepo na mock

#1 Mwanzisha uzi

Wakuu, habari za wikiendi.

TAMISEMI wakishatoa majina ya waliochaguliwa kidato cha tano, nyuzi zinazofunguliwa ni zilezile kila mwaka. Kombi (mchanganyiko wa masomo) gani ina soko, PCB ya shule fulani inafaulisha vipi, ukipata divisheni two ya pointi 11 utapata chuo gani. Ni maswali ya maana na watu wa kuyajibu wapo. Mimi naomba tukae kwenye jambo ambalo fomu ya kujiunga hailigusi kabisa. Fomu inataja ndoo, jembe na mpini wake, fagio la chelewa, rimu ya karatasi na shuka za rangi inayotakiwa. Haisemi utaishi vipi na mamia ya watu usiowajua, kuanzia Julai unaporipoti hadi Mei unapomaliza pepa la mwisho la NECTA, karibu miaka miwili.

Nilisoma HGL (History, Geography na English) kwenye shule ya wasichana ya serikali, Nyanda za Juu Kusini. Sasa hivi wadogo zangu na watoto wa ndugu wanapita njia hiyohiyo, na wakirudi likizo nasikia wimbo mmoja: mdahalo umefutwa, joint (shule ya wasichana na ya wavulana kukutana) hakuna tena, michezo ni ya kubahatisha, mahafali yamebaki ya kupiga picha. Sababu wanayopewa ni kwamba waliletwa pale kusoma. Naipinga sababu hiyo kwa moyo wote. Mdahalo, michezo, vikundi vya dini, usiku wa kuwakaribisha wageni na mahafali ni sehemu ya shule sawa na History au Chemistry, na shule inayovifuta inamnyima mtoto nusu ya alichofuata.

Nianze na njuka, yaani mgeni wa shule, maana ndiko wote tunakoanzia. Unafika na tranka lako, umetoka Dar au Tanga, na Julai ya Njombe au Mafinga ina baridi ambayo hujawahi kukutana nayo. Hujui foleni ya mesi inaanzia wapi, hujui bomba lipi lina maji alfajiri, hujui mwalimu wa zamu anataka nini paredi. Hapo ndipo uonevu unapopata nafasi. Kuna mabweni ambako njuka anafulishwa nguo za form six, anachoteshwa maji, anaamshwa usiku aimbe. Wanaofanya hivyo huita utamaduni. Ni uonevu, na ukikutana nao mwambie matroni siku hiyohiyo.

Kwetu uongozi wa wanafunzi ulipata dawa yake. Kabla hatujafika, dada mkuu na viranja wa mabweni waliandika orodha, kila njuka akapangiwa dada wa form six wa kombi yake. Dada huyo ndiye alikuonyesha mesi, akakuachia notsi zake, na Jumamosi ya kwanza mkakaa wote bwaloni kwenye usiku wa kuwakaribisha: kila bweni linaigiza, kila kombi inajitambulisha, mwalimu wa malezi anasema maneno mawili matatu, mnakula mandazi na chai ya maziwa. Jambo dogo sana kwa gharama. Lakini mtu aliyecheka nawe na kukupigia makofi Jumamosi hawezi kukuamuru ufue shuka zake Jumatatu. Ukiwa na mtu wako form six, hata mkorofi wa bweni anafikiria mara mbili.

Halafu mdahalo. Huu nauongelea kwa kirefu kwa sababu ndio uliobadilisha watu niliowaona kwa macho yangu.

Ijumaa jioni bwalo lilikuwa likigeuzwa. Meza za chakula zinasukumwa ukutani, mabenchi yanapangwa pande mbili yakitazamana, wanaounga mkono hoja kushoto, wanaopinga kulia. Mwenyekiti na katibu wanakaa mbele, na pembeni yao mtunza muda ana chupa tupu ya soda na kijiko. Dakika zako zikiisha anagonga chupa, ukiendelea anagonga mfululizo hadi ukae. Hoja moja ilikuwa ikirudi kila mwaka: kama Kiswahili kiwe lugha ya kufundishia sekondari. Na hiyo hoja tulikuwa tunaibishania kwa Kiingereza, kwa sababu sheria ya mdahalo ilikuwa Kiingereza mwanzo mwisho.

Wengi wetu tulitoka Kayumba, shule za msingi za serikali. Miaka saba ya msingi kwa Kiswahili, kisha minne ya sekondari ambayo mwalimu anaandika ubaoni kwa Kiingereza na kuelezea kwa Kiswahili. Mtu anafika advance na divisheni one yake, anaelewa kila anachosoma, lakini hawezi kusimama aseme sentensi tatu mbele za watu. Kulikuwa na binti mmoja wa kombi yetu, mtoto wa Makete, aliyekuwa akikaa benchi la nyuma wiki zote za mwanzo. Siku ya kwanza kusimama alisoma kwenye karatasi tangu neno la kwanza hadi la mwisho, karatasi inatetemeka, hakuinua macho. Alipomaliza, upande wake na upande wa wapinzani wote walipiga mabenchi. Wiki iliyofuata alirudi na karatasi ndogo zaidi. Muhula wa pili hakuwa na karatasi. Tulipoingia form six yeye ndiye alikuwa mwenyekiti wa mdahalo, na leo ni wakili. Hakuna kipindi cha darasani kilichoweza kumfanyia vile, kwa sababu darasani kuna mwalimu mmoja na wanafunzi sitini, na kosa lako la Kiingereza linaishia kwenye daftari.

Vikundi vya dini navyo nitavigusa tu. TYCS, UKWATA, TAMSYA, CASFETA, kila mtu na chake. Wengi mtajiunga kwa sababu ya imani, na hilo linatosha. Lakini mjue pia ndiyo familia yenu ya kwanza pale. Ukiugua usiku, wanaokuja kukuona sikubei (chumba cha wagonjwa) ni wanakikundi wenzako. Ukifiwa ukiwa shuleni, wao ndio wanaochanga nauli.

Joint ndiyo inayowatia walimu hofu, na naielewa hofu yao. Shule ya wavulana inaalikwa kwenye mdahalo au kwenye ibada ya pamoja, na tangu Jumatano bweni zima linapanga foleni ya pasi ya mkaa. Wengine watasema huo ni upuuzi. Mimi nasema binti wa miaka kumi na minane aliyekaa miezi mitano bila kuongea na kijana wa rika lake anahitaji kukaa naye kwenye benchi, mchana, walimu wakiwepo, wakibishana kuhusu kilimo au katiba. Atamsikia akijenga hoja nzuri, atamsikia akiboronga, atajua ni binadamu mwenzake. Mkifuta hiyo, hamfuti hamu ya kuonana. Mnaihamishia nyuma ya uzio, gizani, ambako hakuna mwalimu.

Mwisho mahafali. Form six huagwa kabla ya mtihani, kati ya Februari na Aprili kwa shule nyingi. Watu huona keki na majoho. Mimi naona risala. Kwa shule ya serikali iliyo mbali na lami, siku ile ndiyo pekee ambayo mwanafunzi anasimama na kipaza sauti mbele ya mgeni rasmi, mkuu wa shule, bodi na wazazi wote, akasema: hatuna mwalimu wa Basic Applied Mathematics, kisima kinakauka Oktoba, uzio umeanguka upande wa bweni la chini. Yetu ilipelekwa ofisini ikasomwe kwanza, ikarudi aya ya maji imekatwa. Kamati ya risala ikaenda kwa mkuu wa shule, ikakaa naye, ikatetea aya yake hadi ikarudishwa. Ilisomwa, na mgeni rasmi akaahidi tangi mbele ya watu wote. Lilifungwa sisi tukiwa tumeshaondoka. Wasichana wa kidato cha sita kukaa na mkuu wao na kutetea hoja kwa adabu mpaka wakubaliwe, hilo walijifunzia bwaloni siku za Ijumaa.

Karibuni, kila mtu na shule yake. Majina ya shule na ya watu tusitaje kwa yale mabaya.

#2 Mdau

Dada umeandika kitu cha maana. Hiyo ya kumpangia njuka mtu wa form six wa kombi yake ipelekwe shule zote. Kwetu hakukuwa nayo, na wawili wa bweni letu walihama ndani ya mwezi wa kwanza. Wazazi waliambiwa ni hali ya hewa.

#3 Mdau wa Tabora

Naunga mkono hoja, naongeza michezo kwa sababu umeipitia juujuu.

Nimesoma EGM shule ya wavulana mkoani Tabora. Wanaokuja wajue mapema jinsi UMISSETA, mashindano ya michezo ya shule za sekondari, inavyokwenda. Inaanzia shuleni kwenu, mnapanda ngazi kwa ngazi hadi timu ya mkoa, kisha taifa, na kwa kawaida taifa huwa Juni. Sasa piga hesabu. Form six anamaliza Mei. Ina maana advance una nafasi moja tu ya kucheza UMISSETA, Juni ya form five. Wengi hawalijui hili, wanajiambia ngoja kwanza nizoee shule, mwakani nitacheza. Mwakani utakuwa nyumbani au kambi ya JKT.

Mimi nilikwenda na timu ya mkoa Mtwara 2019, mpira wa wavu. Kwa mtoto aliyekulia Nzega, kuvuka nchi hadi baharini kwa basi, kulala darasani kwenye magodoro na vijana wa mkoa mzima, asubuhi kusikia lafudhi za Kigoma, Mara, Tanga, Zanzibar kwenye foleni moja ya uji, ilikuwa elimu kubwa kuliko nilivyotegemea. Mpaka leo nina rafiki wa Lindi niliyekutana naye kwenye wavu, akanifunga seti mbili. Alikuja kunisimamia harusini.

Kingine, mwalimu wetu wa michezo alikuwa na utaratibu mmoja mzuri. Mchezaji aliyeshuka kwenye jaribio la mwezi hakufukuzwa timu. Alipangiwa mwenzake wa timu anayefanya vizuri, wanakaa pamoja prepo. Timu ikawa ndiyo kundi la diskasheni. Tulipiga msuli pamoja kama tulivyokimbia pamoja. Anayesema michezo inaharibu taaluma aje aone lile darasa.

#4 Mzazi

Nimesoma yote na nakubaliana na mengi, lakini niruhusuni niseme upande wa sisi tunaolipa.

Serikali ilifuta ada ya kidato cha tano na sita kuanzia mwaka wa fedha 2022/23. Kabla ya hapo ada ya bweni ilikuwa shilingi 70,000 kwa mwaka. Mwaka huu binti yangu amehitimu shule moja ya serikali, sitaitaja, na mchango wa mahafali tuliotakiwa kutoa ulizidi ile ada ya mwaka mzima. Umegawanywa hivi: fulana, joho la kukodi, keki, picha, MC, muziki, mapambo ya ukumbi, zawadi kwa walimu. Chakula cha wanafunzi wenyewe kilikuwa mstari mmoja mdogo chini kabisa.

Nimelipa kwa kuuza mbuzi. Nimefika siku yenyewe, nimemkuta mwanafunzi mwenzake, mtoto wa mama mjane tunayetoka naye kata moja, amekaa nyuma na sare za kawaida kwa sababu hawakumaliza mchango. Wenzake wote wana fulana zenye majina yao mgongoni. Jina lake halikuandikwa popote. Cheti chake alipewa, lakini kwenye picha ya pamoja hakusogea. Mama yake alikuwa amesafiri tangu usiku na mkungu wa ndizi begani.

Dada, unasema mahafali ni sehemu ya elimu. Elimu gani aliyopata yule mtoto siku ile?

#5 Mwanzisha uzi

Mzazi, shikamoo. Swali lako ni zito na nalijibu bila kukwepa.

Alichofanyiwa mtoto yule ni ukatili, na shule iliyokubali hali ile iendelee ilikosea, hata kama fulana zilipangwa na kamati ya wanafunzi. Mhitimu ni mhitimu. Kama fulana hazitoshi wote, zisiwepo kabisa.

Ninayoyatetea siyo hayo. Kwetu hakukuwa na MC wa kulipwa, aliyeongoza shughuli alikuwa mwalimu wa Kiswahili na ratiba yake mkononi. Hakukuwa na keki. Maharage na mahindi yalitoka shamba la shule tulilolima wenyewe, mchele na nyama vilitoka kwenye mchango uliokubaliwa kwenye kikao cha wazazi, na form five ndio waliopika pilau usiku kucha, nyuma ya jiko, masufuria makubwa juu ya mafiga. Zawadi kwa wahitimu ilikuwa ngonjera na kwaya. Mgeni rasmi hakula tofauti na mzazi wa kawaida.

Kwa hiyo pendekezo langu ni hili. Bajeti ya mahafali iletwe kwenye kikao cha wazazi mwezi Oktoba au Novemba, mapema, kila mstari usomwe kwa sauti. Kitu chochote kinachomtofautisha aliyelipa na asiyelipa kitolewe. Mkuu wa shule aweke kiwango ambacho kamati ya wanafunzi haiwezi kukivuka. Mkiwa wazazi watano tu mkasimama kwenye kikao na kusema hivyo, mtasikilizwa, maana wengi waliokaa kimya pale wana mzigo uleule.

Na yule mama mjane, kama inawezekana, mwambie kuna watu huku wamesoma habari ya mwanawe na imewauma.

#6 Mwalimu wa taaluma

Wanajukwaa, mimi ni mwalimu, mwaka wa kumi na kitu kazini, shule ya bweni ya mchanganyiko, Kanda ya Ziwa. Naandika kwa nia njema kwa sababu mwanzisha uzi ametutaja walimu.

Msifikiri tunafuta mdahalo kwa roho mbaya. Mwalimu wa taaluma anasaini malengo ya ufaulu. Mkoa una mock yake, wilaya ina vikao vyake vya tathmini, na shule iliyoshuka inasimamishwa kujieleza. Kwa miaka mingi kulikuwa pia na orodha ya shule kumi bora, kila mtu akiipigania. NECTA iliacha kutangaza orodha hiyo Januari 2023, na mimi niliishangilia, lakini mazoea hayafutwi kwa tangazo. Wazazi bado wanapanga shule wenyewe kwenye makundi ya WhatsApp, na maofisa bado wanalinganisha. Kwa hiyo Ijumaa jioni inageuka muda wa majaribio, Jumamosi inageuka rimidio, na Jumapili mchana inakuwa diskasheni ya lazima.

La pili ni usalama. Tulipokuwa tukifanya joint usiku, nilikuwa na walimu wanne na wanafunzi mia nane, ukichanganya na wageni. Kikitokea chochote, anayeitwa ofisini ni mimi, si aliyeandika kwamba vijana wanahitaji kuonana. Naomba mlielewe hilo.

Hata hivyo nikiri ninachokiona mezani kwangu. General Studies ni somo la insha. Nikisahihisha majaribio, bila kuangalia jina, naweza kusema huyu anasimama mdahaloni na huyu hasimami. Anayesimama anaanza na hoja, analeta mfano wa Tanzania, anajibu upande wa pili kabla hujauliza. Asiyesimama ananiletea notsi alizokariri, ukurasa na nusu, hoja haionekani. Nililipeleka jambo hili kwenye kikao cha walimu nikiwa na madaftari mkononi, nikasoma insha mbili kwa sauti. Tulirudisha mdahalo. Tuliuhamishia Jumamosi saa nne asubuhi, unaisha saa sita, kabla ya chakula. Joint tunaifanya mchana, mara moja kwa muhula, wageni wanaondoka saa kumi jua likiwaka. Tangu tufanye hivyo hatujapata kesi.

Walimu wenzangu mnaosoma hapa, ugomvi wetu uwe na ratiba. Muda upo. Tunaupoteza kwenye majaribio ya kila wiki ambayo hatuna hata nafasi ya kuyasahihisha vizuri.

#7 Jirani wa Kakamega

Hamjambo majirani. Naomba niongeze ya Kenya, kwa sababu sisi tulipitia hili jambo kwa amri ya serikali.

Nilikuwa kidato cha nne 2016, shule ya bweni ya wavulana. Wizi wa mitihani ya KCSE, ile ya kumaliza sekondari, ulikuwa umezidi, waziri wa elimu wakati huo, Fred Matiang'i, akaingia na msimamo mkali. Muhula wa tatu ukafupishwa, na ndani yake hakuna siku ya maombi, hakuna kutembelewa na wazazi, hakuna michezo. Nia ilikuwa kuziba njia ambazo karatasi za mtihani zilikuwa zinaingilia shuleni, na kusema kweli wizi ulikatwa. Matokeo ya mwaka ule, waliopata A kamili nchi nzima walikuwa 141 tu, na mwaka uliotangulia walihesabiwa kwa maelfu. Sipingi kwamba dawa ilihitajika.

Lakini mwaka huohuo, kabla hata ya muhula wa tatu, shule zaidi ya 100 zilipata mioto. Sababu zilizotajwa zilikuwa nyingi, na mojawapo ambayo wanafunzi wenyewe walisema ni kubanwa, muhula wa pili kuongezwa wiki na shughuli kuondolewa. Kwetu hakukuchomwa kitu. Tuliponea kwa sababu ya naibu wa mwalimu mkuu, mzee mmoja aliyekuwa anapenda drama. Alituita watahiniwa wote, akatueleza amri ilivyo na kwa nini, halafu akasema Jumapili jioni ni yetu: tuimbe, tuigize, tukashifiane kwa mashairi, yeye atakaa pale mwenyewe. Tulifanya hivyo hadi wiki ya mtihani.

Siku ya maombi ndiyo niliyoikosa sana. Kwetu mzazi huja, anamwekea mtoto mkono kichwani, anamwombea mbele ya wenzake. Mamangu alikuwa ameshanunua nguo ya siku hiyo. Ilibidi aniombee kwa simu ya mwalimu.

Mono, yaani njuka, wanaoingia huko kwenu, wakipata nafasi ya drama au kwaya waishike kwa mikono miwili. Tamasha la muziki la Kenya lipo tangu 1927, na sijaona mtu aliyejuta kupanda lile jukwaa.

#8 Njuka mtarajiwa

Shikamooni. Nimepangiwa HKL shule ya wasichana mkoa wa Njombe, natokea Temeke na sijawahi kulala bweni hata siku moja. Huu uzi nimeusoma na mama yangu kuanzia mwanzo hadi hapa.

Naomba kuuliza. Mimi si muongeaji, nikisimama mbele za watu sauti inakata. Je, mdahalo ni lazima kwa kila mtu? Pili, netiboli nacheza, nilikuwa kwenye timu ya kata, lakini baba anasema HKL ina vitabu vingi vya kusoma, niachane nayo mpaka nimalize. Tatu, simu nitaipeleka au nisiipeleke? Asanteni.

#9 Mdau

Mdogo wangu, simu iache Temeke. Shule nyingi ukikamatwa nayo unasimamishwa masomo, na simu yenyewe hairudi nzima. Matroni ana simu, mama yako achukue namba yake siku ya kuripoti. Andika na namba za nyumbani kwenye daftari, maana wengi tumezoea kuzihifadhi kwenye simu, ukifika kule hujui hata ya mama.

#10 Mwanzisha uzi

Marahaba mdogo wangu, na mama yako msalimie sana.

Mdahalo kwa shule nyingi kuhudhuria ni lazima, kuongea ni hiari. Wiki za mwanzo kaa, sikiliza, andika hoja mbili kila upande. Halafu omba kazi ya katibu au mtunza muda. Utakuwa mbele, watu watakuzoea na wewe utawazoea, bila kulazimika kusema neno. Ukiwa tayari kuongea, waambie wakuweke msemaji wa nne au wa tano, wakati hoja kubwa zimeshatajwa na kazi yako ni kujibu jambo moja tu. HKL inakupa faida nyingine: shule ikiwa na mdahalo wa Kiswahili, anzia huo.

Baba yako muonyeshe alichoandika mdau wa Tabora pale juu kuhusu timu na diskasheni. Ni kweli vitabu vya HKL ni vingi, riwaya na tamthilia za Kiswahili na za Kiingereza, na History juu yake. Mazoezi ya netiboli huchukua muda wa saa moja tu, jioni kabla ya chakula, muda ambao hata wasiocheza wanakaa tu nje ya mabweni wakipiga soga. Kazi ya prepo haiguswi. Mwambie hivyo kwa upole, na umuahidi kumletea matokeo ya jaribio la kwanza ili mzungumze tena.

Beba blanketi zito, masweta mawili, soksi za kulalia na mafuta ya ngozi, kwa sababu baridi ya kule inapasua midomo. Raba za michezo nazo ziingie kwenye tranka. Ukifika, wiki ya kwanza mtafute kiranja wa michezo mwambie unacheza nafasi gani, maana Juni yako ya UMISSETA ni moja.